Lubumbashi: kiwanja kilichoachwa kinawezaje kugeuka bustani ya watu wote?

Katika kila mji wa mashariki mwa Kongo kuko viwanja ambavyo hakuna mtu anajua ni vya nani. Majani yanaota, watu wanatupa uchafu, watoto wanacheza mpira wa sashe, mbuzi wanakula. Kisha siku moja mtu anakuja na vibao na kamba, anapima, na asubuhi ya kesho yake ukuta umesimama. Wakaaji wanabaki wanaulizana: nani ameuza?

Lubumbashi iko na viwanja vya namna hiyo kupita miji mingi, na sababu yake ni historia ya mji wenyewe. Kuviacha hivi kuko na hatari mbili. Ya kwanza ni vumbi, maana udongo wa sehemu zingine umejaa chuma. Ya pili ni kuibiwa, maana ardhi isiyo na kazi inapata mwenyewe haraka. Njia moja ambayo miji mingine imepitia ni kugeuza kiwanja kilichoachwa kuwa bustani ya watu wote, na kuweka ndani yake sanaa ambayo watu wanaigusa, wanaipiga, wanaiandika. Makala hii inaeleza namna kazi hiyo inaenda, hatua kwa hatua, na ni kwa nini Lubumbashi isianze na kupanda maua.

Viwanja hivi vilitoka wapi

Mji ulianzishwa mwaka 1910, kwa jina la Elisabethville, juu ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na tanuru la kuyeyusha shaba lilitoa shaba ya kwanza mwaka 1911. Tangu hapo shemine ndefu na kile kilima cheusi cha mabaki, terili, vimekuwa alama ya mji.

Wakubwa wa ukoloni waligawa mji vipande viwili. Huku walikaa wazungu, kule wakakaa weusi, kwenye cité ambayo leo ni komini ya Kamalondo. Katikati wakaacha ukanda mtupu wa ardhi walioita zone neutre, ao cordon sanitaire. Upana wake ulikuwa mita 500, baadaye ukafika mita 700. Walieleza kwamba ni mambo ya afya: mbu mwenye kuleta malaria, walisema, hawezi kuruka mbali hivyo. Lakini kazi ya ukanda ilikuwa pia kutenga watu. Usiku, mtu mweusi hakuweza kuonekana upande wa wazungu bila ruhusa.

Msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alirudi kwenye habari hii mwaka 2013. Alipiga picha za ukanda huo kutoka angani, akaziweka kando ya picha za mbu na inzi waliohifewa katika visanduku vya musée. Pamoja nazo kuko picha ya zamani ya mwaka 1929, wakati wafanyakazi walilazimishwa kuleta inzi 50 ndipo wapewe posho ya siku. Ukitazama kazi hiyo unaelewa kwamba ule utupu wa katikati ya mji haukuja wenyewe. Ulipangwa.

Baada ya uhuru, ukanda ulijazwa pole pole, huku jengo, huku duka, huku njia. Lakini sehemu zingine zimebaki bila kazi ya kueleweka.

Viwanja vya aina ya pili vilitoka kwenye kuanguka kwa Gécamines, iliyochukua nafasi ya Union Minière. Mwaka 1986 kampuni ilitoa karibu tani 476 000 za shaba. Miaka michache kisha, katika miaka ya 1990, haikufika hata sehemu ya kumi ya hiyo. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kampuni inapopungua hivyo, hangari, uwanja wa michezo, cercle na bustani za kambi zinabaki bila mtu wa kuzilinda wala kuzifagia.

Hatua ya kwanza: kupima udongo

Katika miji mingi, mtu anaweza kuanza bustani kwa kufyeka majani na kuleta miche. Lubumbashi hapana. Hapa jembe ni la pili, vipimo ni vya kwanza.

Kwa miaka mingi moshi wa tanuru ulitoka kwenye shemine pamoja na gesi ya salfa na vumbi la shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiamu na arseniki. Upepo wa hapa unapuliza zaidi kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulianguka upande wa kaskazini-magharibi. Upande huo, kwenye kartie kama Penga Penga, msitu wa miombo ulikufa na udongo ukabaki uchi. Wenye masomo wanaiita koni ya uchafuzi, kwa sababu inaanza nyembamba karibu na shemine na kupanuka kadiri inavyoenda mbali.

Chuma hakiozi. Jani linaoza, sashe inapasuka, lakini shaba na risasi vinabaki udongoni miaka na miaka. Wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa kumi, vumbi linapanda hewani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya vipimo vya mkojo vya watu 351 wa Katanga. Wenye kukaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti na chuma zingine mingi kupita wale wa mbali, na watoto walipita watu wakubwa. Sababu ni rahisi kuelewa: mtoto anacheza chini, kisha anaweka mikono kinywani. Watu wazima, uchunguzi uliofuata ulionyesha, wanapata mingi kwa njia ya chakula, kama mboga zilizolimwa kwenye udongo huo. Mama mwenye kulima lengalenga kwenye kiwanja kitupu hana kosa, maana jani la kijani halionyeshi kilicho ndani yake.

Njo maana bustani yoyote ya Lubumbashi, hata ikiwa mbali na shemine, inapaswa kuanza kwa kuchukua udongo sehemu mbalimbali za kiwanja na kuupeleka laboratwari. Kiwanja kikionekana safi, kazi inaendelea. Kikiwa na chuma kidogo, kinafunikwa. Kikiwa na chuma kingi, hakifai kwa michezo ya watoto mpaka kitengenezwe vizuri, na mtu asidanganye watu kwa rangi nzuri juu ya sumu.

Majani yenye kukubali shaba

Habari njema ni kwamba dawa ya sehemu ya tatizo hili ilitafutwa hapa hapa. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na vyuo vya Ubelgiji, kilijaribu kufunika udongo wa Penga Penga kwa majani ya asili. Katanga iko na vilima vya shaba ambavyo tangu zamani vinaota mimea isiyoota kwingine. Mimea hiyo imezoea kile ambacho kinaua mingine. Moja ya majani hayo, Microchloa altera, lilipandwa kwenye udongo mbaya uliochanganywa na chokaa na mbolea ya kuoza, na lilishika.

Chokaa inapunguza ukali wa udongo, na chuma inakuwa vigumu kuyeyuka na kuingia katika mizizi. Mbolea inalisha jani na kuikamata shaba. Mizizi inashika udongo usiruke. Mtu aelewe vizuri: njia hii haiondoi chuma. Inaifunga mahali pake, kama mtu anavyoweka kifuniko juu ya sufuria. Kwa bustani, hilo tayari ni jambo kubwa, kwa sababu adui wa kwanza ni vumbi.

Miti pia ilijaribiwa. Hapo watafiti walichimba mashimo, wakayajaza udongo uliotengenezwa, wakapanda ndani yake. Aina zingine zilikufa, zingine kama Acacia auriculiformis zilipona. Mkaaji anayetaka kivuli anaweza kujifunza hapo kwamba shimo linatengenezwa kwanza, mche unafuata. Na mche wa kupandwa unangoja mvua za mwezi wa kumi na moja, hautupwi kwenye udongo mkavu wa mwezi wa saba.

Hatua ya pili: kujua ardhi ni ya nani

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Leta. Mtu ao kampuni inapewa haki ya kuutumia, na hati ya haki hiyo inatolewa na conservateur des titres immobiliers. Lakini kuko ardhi ya aina nyingine, ile iliyotengwa kwa matumizi ya watu wote: njia, viwanja vya umma, bustani. Hiyo haiwezi kutolewa kwa mtu mpaka serikali iiondoe kwanza katika kazi hiyo kwa maandishi.

Hapo ndipo ubishi mwingi unazaliwa. Kiwanja kikiwa hakina kibao, hakina uzio, hakina mtu, ni rahisi kusema hakikuwa na kazi. Kwa hiyo kikundi chenye kutaka bustani kinaanza ofisini: komini, merie, huduma ya urbanisme na kadastre. Kinauliza maswali matatu. Je, kiwanja hiki kimeandikwa kuwa nini kwenye ramani ya mji? Je, kuko mtu mwenye hati juu yake? Je, mji unaweza kutia sahihi kwamba kitabaki cha watu wote? Kama ni ardhi ya zamani ya kambi ao ya kiwanda, mazungumzo ni na kampuni yenye hati.

Bila karatasi hiyo, kikundi kinaweza kusafisha miaka miwili, kupanda, kupaka rangi, na mwisho kumtengenezea mtu mwingine parseli ya bei kali.

Hatua ya tatu: sanaa ya kugusa

Lubumbashi iko na sanamu. Iko na sanamu ya Moïse Tshombe kwenye uwanja wa poste. Sanamu ya namna hiyo unaitazama, unapita. Sanaa inayozungumziwa hapa ni tofauti: haijakamilika mpaka mtu wa njia aiguse.

Mfano rahisi kupita yote ulitoka New Orleans, Marekani. Mwaka 2011 msanii Candy Chang alichukua nyumba iliyoachwa, akapaka ukuta wake rangi nyeusi ya ubao, akaandika mwanzo wa sentensi moja kuhusu jambo ambalo mtu anataka kufanya kabla ya kufa, na kuacha chaki. Kwa muda mfupi ukuta ulijaa. Baadaye watu wa nchi nyingi walitengeneza kuta kama hizo kwao. Gharama ni rangi, ubao na chaki. Faida ni kwamba nyumba ambayo watu waliiogopa ikawa mahali pa kusimama na kusoma mawazo ya jirani.

Mikono ya kufanya kazi ya namna hii haikosekani Lubumbashi. Shule ya sanaa ya mji ilianzishwa mwaka 1951. Tangu mwaka 2008 shirika la Picha linaandaa biennale ya sanaa, na ile ya mwaka 2022 ilichukua jina la ToxiCité, mji na sumu, ni kusema ilizungumza juu ya jambo hili hili. Jean Katambayi Mukendi, msanii wa hapa aliyejifunza umeme, anatengeneza mashine za karatasi ngumu na waya ambazo watu wanazisimamia na kuuliza zinafanya kazi namna gani.

Katika bustani ya Lubumbashi sanaa ya kugusa inaweza kuwa ramani kubwa ya mji iliyochorwa chini juu ya sima, mtoto aanzie Kamalondo na kuvuka zone neutre kwa miguu yake mpaka katikati ya mji. Inaweza kuwa mabomba ya urefu mbalimbali ya kupigwa kama malimba. Inaweza kuwa sanduku la sauti lenye kutumia jua, ambapo mtu akibonyeza anasikia mzee wa zamani wa Gécamines akieleza zamu ya usiku. Redio za jamii ziko na sauti za wazee hao tayari, ama zinaweza kwenda kuzirekodi wakati wangali hai.

Kuko sharti moja la hapa: mtu asitumie shaba. Katika mji ambako waya wa umeme unakatwa na kuuzwa kwa kilo, malimba ya shaba haitafika asubuhi. Sima, jiwe, matairi ya zamani, vigae vilivyovunjika na mbao ngumu vinadumu zaidi, kwa sababu havina mnunuzi.

Wengine walifanya namna gani

Bamburi, karibu na Mombasa, Kenya, kulikuwa na machimbo ya mawe ya sementi. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi kwenye kampuni ya sementi, alianza kupanda miti kwenye jiwe tupu lenye maji ya chumvi. Alijaribu aina 26, na chache sana zilikubali, mvinje ikiwa moja yazo. Majani ya mvinje yalianguka lakini hayakuoza, mpaka aliposhika jongoo na kuwaleta kwa wingi. Jongoo walikula majani, wakatoa mbolea, na udongo ukaanza kuzaliwa. Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa watu, na leo panaitwa Haller Park. Ilichukua miaka 13 toka mche wa kwanza mpaka mgeni wa kwanza.

Duisburg, Ujerumani, kiwanda cha chuma kilifungwa mwaka 1985. Badala ya kubomoa, mji ulimpa kazi Peter Latz, mpangaji wa bustani, na mwaka 1994 watu wakaingia. Tanuru zilibaki zimesimama, watu wanazipanda. Kuta za zamani za kuwekea mawe zimekuwa mahali pa kujifunza kukwea. Tangi kubwa la gesi lilijazwa maji, watu wanapiga mbizi ndani. Na udongo wenye sumu kali ulifunikwa na kufungwa, haukuachwa wazi.

Kigali, Rwanda, bonde la Nyandungu lenye hekta 121 lilikuwa limeharibiwa, na mwaka 2022 lilifunguliwa kama bustani ya majimaji na miti. Ni safi, lakini mtu anaingia kwa tiketi. Hilo ni chaguo, na kila mji unapaswa kulijadili mbele: tiketi inalipa walinzi, lakini inafukuza mtoto asiye na franka.

Hatua ya nne: nani atafagia?

Bustani nyingi hazifi siku ya kuzinduliwa. Zinafia mwezi wa sita, wakati pampu imeharibika, mlinzi hajalipwa miezi mitatu, na uchafu umeanza kurudi kona moja.

Hapa somo kubwa linatoka Kibera, Nairobi. Tangu mwaka 2006 shirika la Kounkuey Design Initiative linafanya kazi na wakaaji kugeuza sehemu za uchafu kando ya mto kuwa viwanja vya umma, na leo viko zaidi ya 10. Kila kiwanja kinaendeshwa na kikundi cha wakaaji wenyewe, na ndani yake kuko kitu chenye kuingiza feza: choo cha kulipia, maji, mahali pa kufulia, kibanda cha biashara. Feza hiyo ndogo inalipa mtu wa kufagia. Mchezo wa watoto ni wa bure.

Lubumbashi inaweza kufanya vile vile. Bomba la maji, choo safi na vibanda vitano vya mama wauza chakula vingetosha kulipa mlinzi na ufagio. Kuhusu kazi ya mwanzo, kuko mlango mwingine. Kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kampuni za migodi kutenga angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi, na wawakilishi wa jamii wanakaa kwenye chombo kinachoamua feza hiyo ifanye nini. Mara nyingi orodha inajaa shule, visima na zahanati, na ni haki. Lakini kufunika udongo wenye sumu ambako watoto wanacheza ni jambo la afya pia, na linaweza kuandikwa kwenye orodha hiyo pale sheria inaporuhusu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi mahali safi, na wajibu wa kupalinda.

Pa kuanzia

Kartie yenye kutaka kujaribu haihitaji kungoja mfadhili. Inaweza kuchagua kiwanja kimoja tu, kidogo, kinachojulikana na wote. Iulize ofisini hati yake na iombe barua. Ipeleke udongo chuo kikuu. Iketi na wamama, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, kila mtu aseme angetaka kufanya nini pale saa kumi za jioni. Kisha salongo ya kwanza, ubao wa kwanza wa chaki, na miche mvua zikianza. Kama vipimo vinaonyesha udongo mbaya, kazi ya kwanza ni kifuniko: chokaa, mbolea, majani, na mchanga safi pale watoto wanapochezea.

Vipande vyote viko mjini: ardhi, majani yenye kukubali shaba, wasanii, sheria. Miaka mia iliyopita, wakubwa wa mji huu walikaa juu ya ramani wakaacha ukanda mtupu ili watu wasikutane. Sehemu za ukanda huo bado ziko wazi. Kila mwezi unaopita bila barua ya merie, nyingine inapata ukuta.